Wiki tatu Hamburg: laini ya simu, intaneti na taarifa ya habari

Swali la msomaji: "Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Tanga. Mwezi wa pili nakwenda Ujerumani, Hamburg, kumtembelea binti yangu na wajukuu kwa wiki tatu, na katikati tutapanda treni kwenda Berlin na München. Simu yangu inachukua laini mbili. Laini yangu ya Vodacom ndiyo yenye M-Pesa, na benki inanitumia namba za uthibitisho humo humo. Je, niende nayo au ninunue laini ya huko? Nimeambiwa waifai ya bure iko kila mahali, ni kweli? Na taarifa ya habari ya Kiswahili nitaipataje, maana bila redio usingizi hauji."

Shikamoo mama. Nenda na laini yako, na ukifika nunua ya kule. Zikae zote mbili ndani ya simu, kila moja na kazi yake: ya nyumbani ipokee meseji za benki na za M-Pesa tu, ya Ujerumani ikupe bando la intaneti na namba ya kupigiwa ukiwa huko. Wageni wengi wanaokwama huwa wamefanya moja kati ya haya mawili: ama wametoa laini ya nyumbani na kuitia kwenye pochi, siku ya kutuma pesa namba ya uthibitisho ikakosa pa kuingilia, ama wameiacha iendeshe intaneti, salio likayeyuka kabla hawajatoka uwanja wa ndege.

Anza Tanga, si Hamburg. Wiki moja kabla ya safari, nenda dukani kwa mtandao wako wakuwashie huduma ya kutumia laini nje ya nchi, yaani romingi. Usingoje kuomba ukiwa Ujerumani, kwa sababu namba fupi za huduma kwa wateja mara nyingi hazipatikani kutoka nje. Hapo hapo waulize mambo matatu na uandike majibu kwenye daftari: namba ndefu ya huduma kwa wateja inayoanza na +255, bei ya kupokea simu ukiwa Ujerumani, na kama menyu ya *150*00# itafunguka ukiwa huko. Kwa kawaida kupokea meseji ukiwa nje hakukati kitu. Kupokea simu hukata, na hukata kwako wewe uliyepokea. Kwa hiyo waage watu mapema: wakikutaka wakutafute WhatsApp. Acha salio kidogo kwenye laini, la dharura.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya laini za simu, uchague laini ya Vodacom na uzime romingi ya data. Hii ni swichi nyingine kabisa, si ile romingi uliyowashiwa dukani. Ukiizima, meseji na simu za kawaida zinaendelea kuingia. Simu nyingi za laini mbili zina swichi ya tatu, ile inayoruhusu simu kuhama yenyewe kwenda laini nyingine pale mtandao unapokuwa hafifu. Hiyo nayo izime. Ndiyo inayowashangaza watu: wanaapa hawajagusa kitu, kumbe treni ilipita penye mtandao dhaifu na simu ikahamia laini ya nyumbani bila kuuliza.

WhatsApp iache kwenye namba yako ya Tanzania. Ukitia laini mpya, programu inaweza kukuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa. Akaunti yako, makundi yako na mazungumzo yote yanafuata namba uliyojisajilia, si laini inayolipia intaneti.

Kazi nyingine ya kufanyia sebuleni kwako ni majina ya simu. Fungua orodha na ubadilishe namba za watu wa karibu kutoka 07 kuwa +2557. Si urembo. Laini ya Ujerumani ikiona namba inayoanza na sifuri huihesabu kuwa ya Ujerumani. Chukua mfano wa namba ya Vodacom inayoanza 0754: huko, 07541 ni msimbo wa mji wa Friedrichshafen, kando ya ziwa Bodensee. Unampigia dada yako Muheza, anapokea mzee wa Kijerumani au sauti ya mashine inayosema namba haipo. Ukiweka +255 namba inafanya kazi popote ulipo, Tanga ikiwemo.

Upande wa pili nao una mtego wake. Binti yako au ofisi fulani inaweza kukuandikia namba hivi: +49 (0)40, kisha tarakimu nyingine. Sifuri iliyomo kwenye mabano haipigwi pamoja na +49. Ukiwa Tanga unapiga +49 40 na zilizobaki. Ukiwa Ujerumani kwa laini ya huko unapiga 040 na zilizobaki. 040 ni Hamburg, 030 ni Berlin, 089 ni München. Namba za simu za mkononi huanza na 015, 016 au 017.

Umeme wao ni volti 230 kama wetu, chaja yako haihitaji transfoma. Tofauti ni plagi: zetu zina miguu mitatu ya bapa, zao zina miwili ya duara, na soketi yenyewe ni shimo la mviringo lililozama ndani ya ukuta. Adapta yenye umbo la mraba mpana mara nyingi haiingii hadi mwisho, ikabaki inaning'inia na kuchaji kwa kukatakata. Chukua yenye kichwa cha mviringo, na chukua mbili.

Sasa laini ya Ujerumani. Mitandao mikubwa yenye minara yake ni Telekom, Vodafone na O2; wa nne, 1&1, ni mgeni. Chapa nyingine zote utakazoziona zinakodi minara ya hao. Ndiyo maana duka la vyakula linauza laini: Aldi Talk inatumia mtandao wa O2, Lidl Connect inatumia wa Vodafone. Kwa mgeni wa wiki tatu laini hizi za madukani ndizo zinazofaa. Unalipa kabla, huweki saini ya mkataba, na vifurushi vyake huhesabiwa kwa wiki 4, siku 28, kwa hiyo kimoja kinakutosha safari nzima. Kwa karibu euro 10 hadi 15 utapata bando la kutosha mtu anayetumia WhatsApp, ramani na habari. Telekom huwa na mtandao mpana zaidi vijijini na njiani, ila laini yake ni ghali kidogo. Kwa Hamburg, Berlin na München mjini, sioni sababu ya wewe kulipia zaidi.

Neno la kulijua dukani ni Prepaid. Neno la kulikimbia ni Vertrag, maana yake mkataba, na mkataba wa simu kule unaweza kukufunga miezi 24. Guthaben ni salio. Aufladen ni kuongeza salio.

Laini haifanyi kazi mpaka isajiliwe kwa jina. Tangu Julai 2017 sheria ya Ujerumani inamtaka muuzaji akague kitambulisho kabla ya kuwasha hata laini ya kulipia kabla. Kwa Mtanzania kitambulisho hicho ni pasipoti, na anwani utakayotoa ni ya nyumbani kwa binti yako: mtaa, namba ya nyumba, msimbo wa posta wa tarakimu tano na mji. Iandike mapema kwenye karatasi. Ukaguzi hufanyika kwa njia tatu, na hapa ndipo wageni wengi wanapopotezea siku. Laini ya duka la vyakula huibeba tu kwenye kikapu kama sabuni, kisha ukaguzi unafanywa kwa video kwenye simu: mtu wa upande wa pili anakutazama na kukutaka uipindue pindue pasipoti mbele ya kamera. Mfumo huo hautambui pasipoti za kila nchi, na unahitaji intaneti nzuri. Ukikataliwa, njia ya pili ni kwenda posta na karatasi yenye msimbo, karani akague pasipoti kwa macho. Njia ya tatu, na ndiyo ninayokushauri, ni kuingia kwenye duka la mtandao wenyewe la mjini, ambako mhudumu anaikagua pasipoti palepale na wewe hutoki mpaka laini imeshika. Utalipa euro chache zaidi, ila unaokoa siku mbili.

Mwombe binti yako aangalie kwanza kwenye tovuti ya laini anayoipenda kama pasipoti ya Tanzania inakubalika kwa video. Na asikusajilie laini kwa jina lake "kurahisisha mambo". Pia karibu na vituo vya treni kuna vibanda vinavyouza laini iliyokwisha kuwashwa, isiyotaka pasipoti. Laini hiyo ina jina la mtu usiyemjua. Siku ikizimwa huna pa kulalamikia, na ikiwa imetumika kwa uovu, wewe ndiye unayeishika.

Kama simu yako inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi, unaweza kununua bando la wasafiri kwenye intaneti ukiwa bado Tanga, likawaka ukitua. Kujua kama inakubali, piga *#06#: ikionekana namba ndefu yenye jina EID, inakubali. Bando hizi nyingi hazina namba ya kupigiwa, ni data tupu. Kwako wewe, ambaye binti yako atakuwa anakungoja uwanja wa ndege, si lazima.

Ukishatia kadi, simu itakuuliza PIN. Hili huwashtua watu wetu kwa sababu laini za nyumbani huwa haziulizi. Kadi za Ujerumani hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa kwa namba ya siri ya tarakimu nne, iliyochapwa kwenye kipande cha plastiki ulikovunja kadi, mara nyingine chini ya utepe wa kukwangua. Usikitupe. Ukikosea mara tatu, laini inajifunga na kutaka PUK, namba ya tarakimu nane iliyopo hapo hapo. Ukikosea PUK mara kumi, kadi imekufa, nunua nyingine. Na swali hili hurudi kila simu inapozima na kuwaka. Usiku wa pili betri inaisha, asubuhi simu inaomba PIN, na kile kiplastiki kimekwenda na takataka za jikoni. Piga picha namba hizo na umtumie binti yako, kisha ingia kwenye mipangilio ya usalama wa laini uondoe hilo sharti la PIN.

Laini ikishika na meseji za kawaida zikaingia, lakini intaneti haiji, karibu kila mara tatizo ni APN, yaani anwani ya mlango wa intaneti wa mtandao husika. Kwa kawaida hujiandika yenyewe. Isipojiandika, iongeze kwa mkono kwenye mipangilio ya mtandao: Telekom ni internet.telekom, Vodafone ni web.vodafone.de, O2 ni internet. Laini za madukani zinaweza kuwa na yake, imeandikwa kwenye kijitabu cha kadi. Zima simu, iwashe, subiri dakika mbili.

Kuna jambo jingine linalofanana na hitilafu na si hitilafu. Mitandao ya Ujerumani ilizima 3G mwaka 2021. Imebaki 4G na 5G, na 2G ya zamani kwa sauti. Simu iliyonunuliwa kwetu, kama haijaruhusiwa na mtandao wa kule kupiga sauti kupitia 4G, hushuka hadi 2G kila unapopiga au kupokea simu ya kawaida. Wakati huo unapozungumza, intaneti inasimama, ukikata inarudi. Ukizungumza kwa WhatsApp huioni shida hii.

Kuhusu kiasi cha bando, hesabu hivi. Simu ya sauti ya WhatsApp hula takriban nusu MB kwa dakika, kwa hiyo saa nzima ni kama MB 30 hivi. Ya video hula mara kumi ya hapo au zaidi. Bando haliliwi na mazungumzo ya sauti. Linaliwa na video zinazojipakua zenyewe kwenye makundi. Ingia WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video unapotumia data ya laini. Kupiga Tanzania moja kwa moja kwa laini ya Ujerumani ni ghali mno, dakika moja inaweza kuzidi euro 1, kwa hiyo namba za kawaida zipigie pale tu mtu hana WhatsApp na jambo halingoji. Kuangalia salio piga *100# au *101#, kutegemea laini. Vocha huuzwa kwenye kaunta za kulipia madukani, namba yake huchapwa kwenye risiti. Kumbuka Jumapili maduka Ujerumani hufungwa. Yanayobaki wazi ni ya vituo vikubwa vya treni na vituo vya mafuta. Bando likiisha Jumamosi usiku utaiona faida ya kuwa na vocha mkobani.

Mkivuka mpaka kwenda nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano Denmark au Uholanzi, laini hiyo inaendelea kwa bei ile ile. Ni kanuni ya Umoja tangu Juni 2017. Uswisi si mwanachama, laini nyingine zinaijumuisha na nyingine hazijumuishi. Mtu anayetembea kando ya Bodensee anaweza kukatwa pesa na mnara wa Uswisi wa ng'ambo ya ziwa bila yeye kuvuka.

Waifai ya bure kila mahali? Si kila mahali, mama, ila ipo kuliko zamani. Wao hawaiiti waifai. Wanaiita WLAN, na hutamkwa "ve-lan"; ukiuliza waifai watakuelewa, lakini kibao ukutani kitaandikwa WLAN. Utaipata vituo vikubwa vya treni, maktaba, migahawa, na ndani ya treni za kasi za ICE. Mtandao unaoitwa Freifunk ukiuona, jiunge bila wasiwasi wa nywila, ni wa watu wa kujitolea wanaogawana intaneti yao. Ila benki usiifungulie humo wala kwenye waifai yoyote ya wazi, tumia bando lako.

Kwenye treni ya ICE chagua WIFIonICE, kisha fungua kivinjari na ubonyeze kitufe cha kukubali masharti. Wengi huishia kusema "imeunganika lakini haina intaneti", kwa sababu ukurasa wa kukubali haukutokea. Ukurasa huo hauji kama umewasha VPN, yaani programu ya kuficha ulipo, au kama unajaribu kuingia moja kwa moja kwenye programu kama WhatsApp bila kupitia kivinjari. Zima VPN, fungua kivinjari, andika anwani yoyote inayoanza na http bila s, na ukurasa utajileta. Intaneti hiyo inatosha meseji na ramani. Ya kutazamia filamu usiitegemee. Mtandao wa simu nao hukatika katikati ya mashamba na misitu, na sababu mojawapo iko kwenye dirisha ulilokaa nalo: vioo vya treni hupakwa utando mwembamba wa madini wa kuzuia joto, na utando huo huo huzuia mawimbi ya simu. Kwa hiyo ramani za Hamburg, Berlin na München zipakue nyumbani kwa binti yako, na tiketi iwe imeshaingia kwenye programu ya DB Navigator kabla ya kutoka, hufunguka hata bila intaneti. Mkaguzi anaweza kutaka na pasipoti, iwe karibu. Mabehewa yenye alama ya Ruhebereich ni ya utulivu, humo simu haizungumzwi. Hata kwenye mengine, kuweka simu kwenye spika ukaongea na Tanga nzima kutakuletea macho ya watu.

Nyumbani kwa binti yako utatumia waifai yake. Nywila imechapwa chini ya kile kisanduku cha intaneti, mara nyingi ni mlolongo mrefu wa tarakimu. Hapa nina ombi kwako na kwa kijana yeyote atakayekuja kuwatembelea. Msipakue filamu wala muziki kwa njia ya torenti kwenye intaneti ya Ujerumani. Njia hiyo, wakati unapakua, inawagawia wengine kile kile ulichopakua, na kugawa ndiko kunakoshtakiwa. Kampuni za wanasheria huikusanya anwani ya intaneti iliyohusika, hupata jina la mwenye mkataba kupitia mahakama, na wiki kadhaa baadaye, wewe umesharudi Tanga, binti yako anapokea barua ya Abmahnung inayomdai mamia ya euro. Filamu moja ya jioni moja inatosha.

Namba za dharura ziandike kwenye karatasi, si kwenye simu pekee. 112 ni gari la wagonjwa na zimamoto, 110 ni polisi, zote bure. 112 haihitaji salio, lakini Ujerumani inahitaji laini ndani ya simu: tangu 2009 simu isiyo na kadi haiwezi kupiga 112 huko, kwa sababu watu walikuwa wakizipiga ovyo bila kujulikana. Laini ya Tanzania yenye romingi inatosha. Sema kwanza ulipo, mtaa na namba ya nyumba, kisha kilichotokea, na usikate. Wao ndio watakaokwambia ukate. Wengi wanaopokea wanajua Kiingereza. Kwa homa ya usiku isiyo ya kufa na kupona, ambapo zahanati zimefungwa, namba ni 116117, binti yako ataijua.

Ukiwa huko simu yako inaweza kupiga king'ora kikali cha ghafla na maandishi kujaa kwenye kioo, hata ukiwa umeizima sauti. Huo ni mfumo wa serikali wa tahadhari, umeanza kutumika Februari 2023, unatuma ujumbe kwa simu zote zilizo karibu na mnara fulani bila kuhitaji programu wala namba yako. Ni moto mkubwa, mafuriko, moshi wa sumu au bomu la vita vya pili lililofukuliwa kwenye ujenzi. Zoezi la majaribio la nchi nzima hufanyika Alhamisi ya pili ya Septemba saa 5 asubuhi. Ikilia Februari, ichukulie ni kweli, mwoneshe binti yako au jirani maandishi hayo.

Sasa redio, ambayo naona ndiyo inayokunyima raha. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza 1963 na sasa inatengenezwa Bonn, huko huko Ujerumani, lakini Deutsche Welle ni chombo cha kuzungumza na ulimwengu wa nje. Ukizungusha redio Hamburg hutaipata. Itafute kwenye intaneti, ukurasa wake wa Kiswahili una matangazo ya kusikiliza na ya kupakua. BBC Swahili na redio zako za nyumbani zenye matangazo ya intaneti ni hivyo hivyo. Sauti hula bando kidogo, kama MB 30 hadi 60 kwa saa, na kwenye waifai ya binti yako huna hofu yoyote. Kipindi kipakue jioni uweke kwenye simu, ukilala usikilize bila mtandao. Mwezi wa pili Hamburg iko nyuma ya Tanga kwa saa 2: taarifa ya saa 3 usiku ya nyumbani, wewe utaisikia saa 1 jioni. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele na tofauti inabaki saa 1.

Kinachozuiliwa ni video zenye haki za nchi, hasa mpira. King'amuzi na programu za malipo za nyumbani nyingi hazifunguki ukiwa Ulaya, kwa sababu haki za kuonyesha zilinunuliwa kwa Afrika tu. Hata video za taarifa za televisheni zetu kwenye YouTube hufunguka, lakini mechi hazifunguki. Si simu yako iliyoharibika.

Redio ndogo ya mkononi ukiibeba itashika FM za Hamburg, na nyingine zipo kwenye mfumo wa kidijitali wa DAB+ ambao redio ya zamani haiusomi. Mawimbi ya kati na marefu ya redio za umma za Ujerumani yalikuwa yamezimwa yote kufikia mwisho wa 2015. Kama mtasafiri kwa gari, redio ya gari inaweza kukatiza muziki ghafla: ni taarifa za barabara. Ukisikia neno Falschfahrer, ni gari linalokuja upande usio wake kwenye barabara kuu. Anayeendesha akae njia ya kulia, asipite mtu.

Televisheni ya binti yako itakuwa na ARD na ZDF. Taarifa ya habari ya Tagesschau saa 2 kamili usiku hutengenezwa hapo hapo Hamburg tangu 1952, dakika 15, na hata asiyejua lugha anaifuata kwa picha. KiKA, ya watoto, hufunga saa 3 usiku, na wajukuu watajua mapema kuliko wewe. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, inalipwa na nyumba, si na mgeni. Bahasha ya Beitragsservice, ofisi inayokusanya ada hiyo, ikifika, ni ya binti yako.

Jambo moja kuhusu kamera. Sheria ya 1907, bado inatumika, inamkataza mtu kusambaza picha ya mtu mwingine bila ridhaa yake. Picha ya wajukuu weka kwenye status kama wazazi wao wameridhia. Picha ya darasa zima ukienda kumchukua mjukuu shuleni, usiipige kabisa, walimu na wazazi wa wenzake watakuja juu na wana haki. Kumrekodi mtu sauti kwa siri, hata kwenye simu, ni jinai yenye kifungo. Ukiona ajali barabarani, usinyooshe simu kuipiga picha.

Kadi ya posta kwa jirani wa Tanga inahitaji stempu ya euro 1.25. Andika P.O. Box, mji, na mstari wa mwisho TANZANIA kwa herufi kubwa, kisha tia kwenye sanduku la njano.

Siku ya kurudi, laini ya Ujerumani usimwachie mtu. Iko kwa jina lako na pasipoti yako, na chochote kitakachofanywa nayo kinahesabiwa ni chako. Zima kujinunua upya kwa kifurushi kwenye programu ya laini, tumia salio lililobaki, toa kadi uikate. Kama una nia ya kurudi mwakani, ihifadhi, ila laini isiyojazwa salio kwa muda mrefu hufungwa na mtandao. Ukitua, rudisha data kwenye laini ya Vodacom kabla ya kutoka kwenye foleni ya uhamiaji, ili anayekusubiri nje akuone umeingia.